Mshtuko au Kishindo? Istilahi na Vipimo vya Chini ya Maji

Mnamo tarehe 21 Novemba 1939, manowari ya Uingereza, HMS Belfast, ililipuliwa na bomu la sumaku lililotegwa katika hori ya Firth of Forth, Uskoti. Tundu lililotobolewa lilikuwa dogo. Hata hivyo, mkuku ulikuwa umepinda takriban sentimita 8, sitaha zimefinyangika na mitambo imevunjika. Haikurejea vitani hadi Novemba 1942.

Ndiyo maana wahandisi hawaridhiki na kutazama kwa macho. Maji hayagandamiziki kwa urahisi kama hewa. Nguvu za mlipuko husafiri ndani yake kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde au zaidi, zikafika kwenye gati au nguzo ya daraja zingali kali. Wapimaji hutundika majini fuwele za turmalini, ambazo hutoa chaji ya umeme zinapobanwa. Njia nyingine, ya kale na ya kupendeza kwa wepesi wake, ni kuacha pistoni ibonyeze kipira cha shaba, kisha ubapa wake ukapimwa. Wala hawaishii kwenye pigo la kwanza: kiputo cha gesi hutanuka, hunywea, na kupiga tena.

Je, Kiswahili kimejiandaaje kuyasema haya? 'Wimbi la mshtuko' ni tafsiri sisisi inayomkumbusha msomaji hofu, au waya wa umeme. 'Wimbi la kishindo' lingefaa zaidi, kwani kishindo husikika na hutikisa. Kinyume chake, 'kanieneo' ni istilahi njema, yajifafanua yenyewe: kani juu ya eneo. Ajabu ni kuwa wengi nchini Kenya wangali wanang'ang'ania 'shinikizo', neno ambalo wanasiasa wamekwisha kuliteka.

Suala hili si la darasani tu. Katika pwani ya Tanzania, uvuvi wa baruti umevunja matumbawe kwa miongo mingi ijapokuwa sheria yaukataza, na vinasasauti vya chini ya maji vimetumika kuhesabu milipuko hiyo. Matokeo yakiandikwa kwa Kiingereza pekee, mvuvi wa Kilwa atasoma nini? Mwanaisimu anayesaka mada ya tasnifu na aanzie kwa mafundi wa majahazi, wenye mkuku na mataruma yao tangu jadi, kabla ya kufungua kamusi ya kutafsiria.