Cheti bila Cherehani

Enzi za mkoloni, vijana wa Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, walisombwa kutoka Kasulu na Kibondo kwenda kukata mkonge, Tanga na kwingineko. Waliitwa manamba. Aliyerudi alirudi na nguo na vijisenti. Ufundi haukuwemo mzigoni.

Safari hii kazi imewafuata nyumbani. Barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260 hivi, inajengwa kwa lami. Mwaka 2022 gridi ya Taifa nayo ikafika, majenereta ya dizeli yakaanza kuzimwa. Je, kijana wa Kiha ashike koleo tu, au na mashine ya kulehemu?

Jibu la Serikali ni vyuo. Kasulu na Kibondo tayari zina Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, mfumo ulioanza 1975 kwa kuiga Sweden, na mpango wa sasa ni kila wilaya iwe na chuo cha ufundi stadi cha VETA. Sina ugomvi na majengo. Hofu yangu inaanza siku ya kugawa vyeti. Binti aliyehitimu ushonaji anarudi kijijini bila cherehani, na msimu ukifika yumo shambani akipalilia mihogo kama asiyesoma.

Ataambiwa kuna mkopo wa halmashauri. Kweli upo: asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kati ya hizo zikiwa za vijana. Lakini vijana hukopeshwa kwa vikundi. Seremala, anayehitaji randa na msumeno wake mwenyewe, anatafuta wenzake wa kujaza fomu, na mara nyingi wenzake hao hawajawahi kushika randa. Kikundi kinasambaratika kabla ya rejesho la tatu. Kwa mawazo yangu, mhitimu akopeshwe kifaa badala ya fedha, na akopeshwe peke yake, chuo kikimdhamini.

Tena wapo waliojifunza bila chuo. Yule anayechuchumaa kando ya bodaboda gereji, akianza kwa kumpa fundi spana, anajua injini kuliko wahitimu wengi. Utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa namna hiyo upo, VETA wakimpima na kumpa cheti. Wapimaji waende gereji kwake. Nauli ya kuwafuata Kigoma mjini si ndogo kwake.

Na wakandarasi wa barabara, kabla hawajafungasha mitambo, wadaiwe kwa mkataba idadi ya wanagenzi waliokaa kwenye greda, si idadi ya vibarua tu.