Nyumba ya Kiongozi ni Kitabu, na Kisomwe Chote

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii ilinijia nilipozuru Butiama, kijiji cha Mkoa wa Mara nchini Tanzania. Huko ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere mwaka 1922, ndiko alikorejea kulima alipouacha urais mwaka 1985, na ndiko alikozikwa baada ya kufariki jijini London tarehe 14 Oktoba 1999. Hata neno tunalolitumia kwa kitendo chake hicho, yaani kung'atuka, alilitoa katika lugha yake ya Kizanaki akalitia katika Kiswahili.

Kwa Mkenya, Butiama si mbali. Ukishavuka mpaka pale Isebania na kuingia Sirari, barabara yapita Tarime na kuuvuka Mto Mara katika daraja la Kirumi. Ni mto ule ule unaoanzia kwetu, katika msitu wa Mau. Nalitaja hili kwa sababu shule zetu nyingi huwapeleka wanafunzi mbali kuliko huko, na mara nyingine wakarudi na picha tu.

Mwitongo, makao ya ukoo wake, yamezungukwa na majabali makubwa. Babake, Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, na kaburi la Mwalimu liko jirani na ya wazazi wake. Yapo pia makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa mwaka 1999. Mgeni aliyetarajia fahari ya ikulu hataiona. Atakumbushwa habari za mtu aliyependa vitabu, aliyecheza bao, na aliyeshika jembe akiwa amekwisha kushika dola. Mimi, nikiwa mpenzi wa Kiswahili, niliwaza zaidi juu ya kalamu yake: alifundisha Pugu hadi mwaka 1955 siasa ilipomlazimu kuiacha chaki, na baadaye, akiwa rais, akaitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963. Kiongozi wa nchi changa aliona kwamba kuijaribu lugha ya taifa kwa kazi nzito ni sehemu ya wajibu wake.

Hata hivyo, yafaa tujihadhari. Makumbusho hugeuka hekalu upesi, na hekaluni watu hawaulizi maswali. Mwanafunzi anayesimama Butiama lazima aambiwe pia kwamba serikali ya Mwalimu ilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini mwaka 1962, na kwamba chama kimoja kilihalalishwa mwaka 1965. Aambiwe kwamba katika miaka ya 1970 mamilioni ya wakulima walihamishiwa vijijini, wengi wao kwa nguvu, na kwamba vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, kosa ambalo Mwalimu mwenyewe alilikiri baadaye. Mtu aliyerudi kwa hiari kulima katika kijiji cha baba zake ndiye aliyewaamuru wengine wayahame mashamba ya baba zao. Mambo hayo mawili ni ya mtu mmoja, na historia inayoficha mojawapo si historia bali ni sifa au ni matusi.

Nasi Kenya je? Tumeihifadhi nyumba ya Maralal ambamo Mzee Jomo Kenyatta alizuiliwa mwaka 1961 kabla ya kuachiliwa, na Kapenguria pana makumbusho mahali walipofungwa yeye na wenzake. Ni jambo jema. Lakini tazama: hizo ni nyumba alizochaguliwa na mkoloni. Zinatufundisha alivyoteswa, wala hazitufundishi alivyoishi alipokuwa na uwezo wa kuchagua. Namna kiongozi alivyoishi akiwa huru, ardhi aliyoimiliki na jinsi alivyoipata, hayo ndiyo yanayomwonyesha raia kipimo cha uongozi. Katika nchi ambayo ardhi imetugawanya tangu enzi za walowezi, somo hilo si la kupuuzwa.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa historia na wa Kiswahili wasiwapeleke wanafunzi mahali kama hapa mikono mitupu. Wawape maswali kabla ya safari. Shamba hili lina ukubwa gani, na lilipatikanaje? Nani aliyelilima? Ni kitu gani kilichowekwa mbele ya macho yetu, na ni kipi kisichoonyeshwa? Wazee wa kijiji wanasimulia nini ambacho hakikuandikwa ukutani? Kisha kila mwanafunzi aandike insha yake, na insha hizo zisomwe na kubishaniwa darasani. Safari ya namna hiyo yastahili nauli ya mzazi.

Nanyi wanafunzi, ambao miongoni mwenu wamo madiwani, mawaziri na pengine marais wa kesho, jiulizeni swali moja zaidi mkisimama mbele ya kaburi lile. Siku utakapokuwa huna tena walinzi wala msafara wa magari, je, kijiji chako kitakupokea, na utakuwa na kazi ya mikono yako ya kufanya huko?