Ngozi Inawasha, Moyo Una Mzigo

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba,

Tunao wenzetu ambao ngozi huwawasha mwaka hata mwaka. Wanapaka dawa, wanapata nafuu, kisha ugonjwa unarudi. Jirani husema: "Amerogwa. Msile naye!" Maneno hayo si ya kweli, tena yanamwongezea mgonjwa maumivu.

Ekzema haiambukizi. Soriasi, yenye mabaka na magamba meupe, nayo haiambukizi. Mara nyingi mtu huzaliwa na mwelekeo wa ugonjwa huo. Jasho, simenti na grisi huchokoza ekzema. Lakini kuna kichokozi tusichokitaja: wasiwasi. Hofu ikidumu, mwili hutoa homoni kama kortisoli bila mpango, kinga huvurugika, mwasho huzidi. Mtu hujikuna usiku kucha. Asipolala, wasiwasi huongezeka, na mwasho pia.

Nani huku hana sababu ya wasiwasi? Katika Masisi, M23 iliiteka Rubaya na machimbo yake ya koltani mwaka 2024. Katika Walikale, mgodi wa bati wa Bisie ulisimamisha kazi kwa muda mwezi wa Machi 2025, vita vilipokaribia. Familia ngapi zilikimbia na watoto mgongoni?

Hatusemi kwamba ugonjwa ni wa mawazo tu. Ngozi inaumwa kweli. Ila kuitibu ngozi na kuuacha moyo ni kufanya nusu ya kazi. Kapita akikagua kofia na viatu asubuhi, aulize pia: "Umelala?" Kumsikiliza mtu si kumdekeza.

Basi fanya hivi:

1. Nenda kwanza kituo cha afya. Upele unaowasha nyumba nzima usiku huletwa na kijidudu, nao huambukiza. Mpox pia huambukiza. Baka lisilosikia mguso laweza kuwa ukoma. Yote hayo yana njia zake za kutibiwa.

2. Usioshe mikono kwa petroli. Tumia maji na sabuni isiyo kali, kisha paka vaselini ngozi ingali na unyevu.

3. Jihadhari na krimu za kung'arisha ngozi. Nyingine zina dawa kali inayoficha ugonjwa na kuifanya ngozi kuwa nyembamba.

4. Usibebe mzigo peke yako. Mwambie mkeo, mkubwa wako au muuguzi.

Nawe mama, daktari akisema hauambukizi, usimtengee mumeo sahani. Kula naye. Hiyo nayo ni sehemu ya matibabu.