Fundi, iache iongee kwanza

Laptopu iligoma juzi nikiwa likizo nyumbani Ruangwa: feni naisikia, sauti hakuna. Mbio Nachingwea kwa fundi. Akaniambia, "Dogo, hii tunapiga Windows upya. Kesho njoo na mtu anayeona." Nikakataa, notsi zangu za mwaka mzima zimo humo!

Nikamwomba aizime ikiwa inajiwasha, mara tatu, mpaka sehemu ya matengenezo ifunguke. Nikabonyeza batani ya Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja. Narrator huyoo, akaanza kuongea! Nikachagua kurejesha Windows bila kufuta mafaili. Programu zilifutika, lakini NVDA ninayo kwenye flashi, tena ni ya bure. Aliianzisha Michael Curran wa Australia mwaka 2006, naye haoni.

Sawa, BIOS za mashine zetu nyingi haziongei, hapo macho ya fundi lazima. Ila kumfutia mtu kazi zake kisa haoni, hapana. Mafundi, jifunzeni hizo batani tatu, halafu mwacheni mwenye mashine achague mwenyewe.

Nawasilisha.