Si Kila Ubao wa Kupigwa Msasa

Walimu wa Kiswahili tuna msemo tunaoupenda mno: kupiga msasa. Insha ya mwanafunzi ina kasoro? Aipige msasa. Tasnifu ya mzamili haina mshikamano? Akaipige msasa kisha airudishe. Tumeutumia msemo huo hata tukaamini kwamba kila kilichochakaa dawa yake ni kusuguliwa. Nami, kwa kuwa Jumamosi zangu nyingi huishia uani nikifufua masanduku ya kale ya spika, nimeyaona madhara ya imani hiyo pale pale msemo ulikozaliwa, yaani kwenye mbao.

Msasa, kabla ya kuwa karatasi, ni mti. Majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia kazi zao. Lakini tukumbuke walikuwa wakisugua nini. Walisugua mvule, msaji na mbambakofi, mbao nzima zilizopasuliwa kutoka kwenye gogo. Fundi angeweza kusugua kutwa kucha na ubao ukabaki ubao.

Sanduku la spika la miaka ya 1960 na 1970 ni kiumbe cha namna nyingine kabisa. (Nasema "spika" kwa makusudi. Wapo watakaonitaka niseme "kipaza sauti", ilhali jina hilo limekwisha kupewa pia kile kidude anachokishika mwanasiasa mbele ya kinywa chake. Mafundi wa redio hawajawahi kutatizika kwa sababu Bungeni nako yumo Spika.) Tuchukue mfano wa Wharfedale, kampuni ya Kiingereza iliyoanzishwa mwaka wa 1932 na Gilbert Briggs, mtu aliyetoka katika biashara ya vitambaa huko Yorkshire. Briggs alikuwa na wazimu wa aina yake. Ili kuyazuia masanduku yake yasitetemeke, alijaza mchanga mkavu baina ya mbao mbili za plaiwudi. Mwaka wa 1954 aliwakusanya watu katika ukumbi wa Royal Festival Hall jijini London ili walinganishe muziki uliopigwa papo hapo jukwaani na ule uliotoka kwenye spika zake. Baadaye, kampuni ikiwa imekwisha kuingia mikononi mwa wengine, ilitoa Linton mwaka wa 1965 na Denton mwaka wa 1967, spika za kiasi zilizokusudiwa sebule za watu wa kipato cha kadiri.

Mwili wa masanduku ya tabaka hilo, yawe ya Wharfedale au ya washindani wake, aghalabu ni chipibodi, yaani chembe za mbao zilizochanganywa na gundi zikashindiliwa. Juu yake hubandikwa vinia ya msaji au ya mjozi. Vinia hiyo ni mti halisi, mistari yake ni mistari ya mti uliopata kusimama msituni, ila wembamba wake unastaajabisha. Mara nyingi haifiki hata milimita moja. Mashine ya kupigia msasa ikiwa mikononi mwa kijana mwenye haraka huimaliza kabla chai yake haijapoa, na huanza kuila pembeni, mahali ambapo jicho la mgeni huangukia kwanza.

Mwenzangu mmoja wa kazi aliniletea jozi iliyopatwa na mkosi huo. Alizirithi spika kwa mjomba wake, akampelekea seremala wa kando ya barabara, akamwambia neno lile lile tunalowaambia wanafunzi. Seremala akatii. Pembe zote nne zikatoka chipibodi tupu, rangi ya uji wa mtama. Naye, ili afiche aibu, akazipaka vanishi nzito nyeusi kama ya jeneza. Mwenzangu aliniuliza nitazirudishaje zilivyokuwa. Hakuna kuzirudisha. Mtu anaweza kununua vinia mpya akaibandika, na kazi hiyo ina heshima yake, lakini huko ni kulivika sanduku nguo za mwingine. Simlaumu sana seremala. Aliyemtuma ndiye aliyetumia neno la mbao nzima kwa kitu kisichokuwa mbao nzima.

Kwani sanduku lina umuhimu gani, atauliza msomaji, ikiwa sauti inatoka kwenye ile karatasi ya duara? Karatasi hiyo inaposukuma hewa mbele, wakati huo huo huivuta nyuma. Mawimbi ya nyuma yakiachwa yakutane na ya mbele, sauti nzito hufutana na besi hupotea. Sanduku ndilo linaloyatenga. Edgar Villchur, Mmarekani aliyetoa spika yake ya AR-1 mwaka wa 1954, alikwenda mbali zaidi. Alilifunga sanduku lisipenye hewa, akaifanya hewa iliyomo ndani kuwa springi ya kuirudisha karatasi mahali pake, na kwa njia hiyo akapata besi ya kina katika sanduku dogo. Kwa hiyo ufa kwenye kiungo cha sanduku la namna hiyo, au tundu lililotobolewa ili kupitisha waya mpya, huharibu sauti yenyewe. Mpiga ngoma hahitaji kuelezwa jambo hili. Anajua kwamba mzinga nao ni ngoma.

Basi kazi huanza kwa kutambua, na ningependa wanafunzi wangu wa isimu wangekuwa na nusu ya subira inayohitajika hapa. Je, hii ni vinia au ni plastiki iliyochapwa picha ya mbao? Masanduku mengi ya miaka ya 1970 na baadaye yalivikwa plastiki. Ukiona mistari inajirudia ile ile, au fundo moja limetokea mara tatu kwenye ubao mmoja, jua hapo hapana mti, na mafuta utakayopaka hayatapenya popote. Ikiwa ni vinia, juu yake kuna nini? Tafuta mahali pasipoonekana, nyuma au chini, udondoshe tone la spiriti. Sehemu hiyo ikilainika na kunata, umekutana na shelaki, utomvu wa wadudu unaoyeyuka kwa spiriti. Ikikataa spiriti ikakubali thina, hiyo ni laka ya kiwandani. Isiponata kwa vyote viwili, na ubao unaonekana mkavu wenye kiu, yawezekana ulipakwa mafuta tu, jambo lililokuwa la kawaida kwa msaji.

Mara nyingi ajabu, kinachodhaniwa kuwa vanishi iliyochakaa ni uchafu. Ni mafuta ya mikono, moshi, na vumbi la miezi ya kiangazi ya miaka hamsini. Hayo hutoka kwa kitambaa kilicholoweshwa maji vuguvugu yenye matone machache ya sabuni, kikakamuliwa mpaka kisitoe hata tone. Nimeshuhudia spika ambazo mwenyewe aliapa kuwa zimekufa zikirudi na wekundu wa msaji baada ya saa moja ya kazi hiyo, bila chembe moja ya msasa. Vyombo vya sauti vitolewe kwanza, nyaya zikiwa zimetiwa alama ili zirudi zilikokuwa. Na asije mtu akatumia pamba ya chuma, ile ya kusugulia sufuria, karibu na spika iliyo na sumaku yake. Nywele za chuma huvutwa na sumaku, huingia katika mwanya mwembamba ambamo koili hucheza, na kuzitoa humo ni shida kubwa.

Kuna magonjwa mawili ambayo ni ya nyumba zetu hasa. La kwanza ni duara la maji. Sebule nyingi zilizopata kuwa na radiogramu au spika kubwa ziliifanya meza, kitambaa cha kufuma juu, na juu ya kitambaa chungu cha maua. Duara likiwa jeupe, unyevu umenaswa ndani ya vanishi tu, na kitambaa kilichonuswa spiriti, kikipitishwa upesi mara moja mbili, huweza kuliondoa ikiwa ni shelaki. Duara likiwa jeusi, maji yamekwisha kufika kwenye mti wenyewe. Hilo hupunguzwa kwa asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu na haifai kuguswa bila glavu wala kuwekwa watoto wanapofikia.

La pili ni deki. Nyumba hupigwa deki kila asubuhi, maji huingia chini ya sanduku lililokaa sakafuni, na chipibodi hunywa na kuvimba kama mkate uliotumbukizwa katika chai. Hapo sina habari njema. Chipibodi iliyovimba hairudi kamwe katika unene wake wa kwanza. Linalowezekana ni kuiacha ikauke kabisa kwa majuma kadhaa, kuinywesha gundi nyeupe iliyozimuliwa kidogo, kisha kuibana baina ya vibao viwili vilivyofunikwa nailoni. Vinia iliyoachia huinuliwa polepole, ikatiwa gundi kwa bomba la sindano, ikabanwa vivyo hivyo. Baadaye sanduku liwekwe juu ya vigingi. Afadhali vigingi vinne vya mbao kuliko kumgombeza anayepiga deki.

Kwa masanduku ya kupakwa mafuta, hutumia mafuta ya kitani yaliyotengenezwa ili yakauke. Hupakwa kidogo, huachwa robo saa, kisha hufutwa yote yaliyobaki juu, na baada ya siku mbili hurudiwa. Vile vitambaa vya kufutia visikunjwe na kutupwa kwenye ndoo. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofumbatwa huweza kuwaka chenyewe usiku watu wamelala. Vianikwe nje kimoja kimoja au vitumbukizwe majini.

Hodi ya kwanza ya wapinzani wangu naijua. Watasema hii ni michezo ya watu wenye nafasi, na kwamba siku hizi kijana hununua kijispika cha plastiki kinachoongea na simu yake bila waya, mambo yakaisha. Sina ugomvi na kijispika hicho. Ila kikifa betri, wengi hukitupa, kwa kuwa aliyekiunda hakukusudia kifunguliwe. Ama kuhusu nafasi, sabuni, spiriti, gundi na mafuta ya kitani ni vitu vya dukani vya kawaida. Kinachokosekana ni subira. Na hao waliotuuzia spika zile hawazioni kuwa takataka: Wharfedale yenyewe ilitoa upya Denton mwaka wa 2012 na Linton mwaka wa 2019, zikiwa zimevikwa vinia ya mbao halisi kama zile za awali. Wanunuzi wanalipia tena sura ile ile ambayo sisi tunaifunika kwa rangi nyeusi.

Hodi ya pili ni nzito zaidi. Je, tunaabudu ukale? La. Sponji inayozunguka karatasi ya spika huoza, na ikioza haina budi kubadilishwa. Kapasita za zamani nazo huchoka, zibadilishwe. Nisichokubali ni kubadilisha kilicho kizima kwa sababu tu kina makovu. Ninapofundisha uhariri wa matini za kale huwaonyesha wanafunzi jinsi mhariri anavyoweza kuukuta utenzi wa Kiamu una "ndia" na "mato", akaona ni makosa, akaweka "njia" na "macho". Amesafisha, kwa maoni yake, lakini vina vimevunjika, na msomaji wa baadaye hatajua kwamba viliwahi kuwako. Sanduku lililopigwa msasa hadi kwenye chipibodi ni utenzi uliohaririwa namna hiyo.

Mimi ni zao la 8-4-4, mfumo ulioanzishwa mwaka wa 1985 ukasisitiza kazi za mikono. Tulichonga miko, tukafinyanga vyungu, vingi vikapasuka kabla ya kufika nyumbani. Tulifundishwa kutengeneza vitu vipya. Sikumbuki hata siku moja tuliyopewa kitu cha zamani tukaambiwa tukiponye. Mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka wa 2017, unazungumza sana juu ya ubunifu, nao nauona ukielekea huko huko kwenye upya. Kuponya kunataka akili ya aina nyingine. Mwanafunzi hulazimika kuuliza aliyekitengeneza alikusudia nini kabla ya yeye kukusudia lake.

Mwalimu atakayetaka kujaribu si lazima asubiri mpaka apate Denton. Redio ya mbao iliyokufa, au sanduku la spika lililosahauliwa katika stoo ya shule nyuma ya madawati mabovu, litatosha. Kipindi cha kwanza wanafunzi wasipewe kifaa chochote. Waliangalie sanduku, walinuse, waligonge kwa vifundo vya vidole, waandike: ni mti au ni plastiki, ni shelaki au ni laka, ni gundi iliyoachia au ni vinia iliyopasuka. Wakitofautiana, wabishane. Sabuni na kitambaa vije kipindi cha pili. Msasa ubaki kabatini, na ufunguo uwe mfukoni mwa mwalimu.