Mchezo uwe mgumu, lakini mtu aachiwe nafasi ya kupumzika

Leo naomba tuache kidogo habari za barabara na bei ya unga, tuzungumze juu ya mchezo wa video. Najua wazazi wengi watasema hayo ni mambo ya watoto wasio na kazi. Mnivumilie. Ndani ya ubishi wa wapenzi wa mchezo huu kuna swali linaloigusa hata familia iliyohama kwao na godoro kichwani: ni nani mwenye haki ya kumwambia mwenzake kwamba shida inamfaa?

Mchezo unaitwa Returnal. Ulitengenezwa na Housemarque, studio ya mjini Helsinki, Finland, na Sony ikautoa tarehe 30 Aprili 2021 kwa ajili ya PlayStation 5. Mwaka 2023 ukafika pia kwenye kompyuta. Ni hadithi ya kubuni ya sayansi na safari za anga.

Mwanamke mmoja, Selene, kazi yake ni kupeleleza sayari. Anasikia ishara ya redio inayotoka kwenye sayari ya Atropos, anaifuata, na chombo chake kinaanguka. Anatoka kwenye mabaki, anaingia msituni, na haendi mbali kabla ya kukuta maiti ya mtu aliyevaa nguo kama zake. Akiiangalia vizuri anaona ni yeye mwenyewe. Kando ya maiti kuna kinasa sauti, na sauti iliyomo ni yake, ikisema maneno ambayo hakumbuki kuyasema.

Hapo mchezaji anaanza kuelewa. Selene akiuawa na viumbe vya sayari ile, haendi mbinguni wala kaburini. Anaamka tena pale pale kwenye ajali. Silaha alizookota zimepotea, nguvu alizokusanya zimepotea, na njia za msituni zimebadilika, hata ile aliyoizoea haipo tena. Vitu vichache tu vinabaki naye. Anaanza upya, anakufa, anaanza upya.

Katikati ya safari anakuta nyumba ya kawaida ya duniani, imesimama peke yake msituni, na anaitambua kuwa ni ya utoto wake. Baadaye anafanikiwa kuokolewa, anarudi duniani, anazeeka, anafariki na kuzikwa. Halafu anafumbua macho: yuko Atropos tena, kwenye mabaki yale yale.

Wapenzi wa mchezo hawakubaliani juu ya maana ya hayo yote. Wengine wanasema sayari ile ni ya kweli na Selene amenaswa. Wengine wanasema hakuna sayari yoyote: ni kichwa cha mama aliyepata ajali ya gari akampoteza mtoto, naye anajiadhibu bila kikomo. Wengine wanaona chanzo ni ugomvi wake na mama yake mzazi. Mchezo wenyewe haukati shauri. Unakupa vipande, unakuachia kazi ya kuviunga. Kwa hiyo watu wameendelea kuuzungumzia kwa miaka, kama vile mtaa unavyozungumza juu ya kesi ambayo hakimu hakuimaliza.

Lakini ubishi mkali zaidi ulikuwa juu ya ugumu. Returnal haikuuliza mchezaji anataka kiwango rahisi, cha kati au kigumu. Kiwango ni kimoja, na ni kigumu. Zaidi ya hayo, ulipotoka hapakuwa na namna ya kuhifadhi ulipofika katikati ya safari. Safari moja inaweza kuchukua saa mbili au zaidi. Ukizima mashine, safari imekufa. Ulichoweza kufanya ni kuiacha mashine imelala bila kuzimika, na hapo napo inahitaji umeme muda wote.

Watu wakagawanyika. Kundi la kwanza walisema: sisi tuna kazi, tuna watoto, tunalipa dola 70 kwa mchezo mmoja, halafu tunaambiwa hatuwezi kusimama tukaendelea kesho? Kundi la pili walijibu: hadithi na ugumu hapa ni kitu kimoja. Selene amefungwa kwenye mzunguko, na wewe unapaswa kukionja kifungo hicho. Ukirahisisha, unamwonea huruma Selene bila kujua anachopitia. Waliongeza kwamba mchezo hauonei mtu: mkubwa wa eneo ukishamshinda mara moja, hulazimiki kupigana naye tena ili upite, na kila kifo kinakufundisha kitu.

Mimi hoja ya kundi la pili siidharau. Ni kweli kwamba ushindi uliopewa bure hauna ladha. Ni kweli pia kwamba hadithi ya mtu anayeanza upya haiwezi kusimuliwa vizuri kwa mchezaji ambaye hajawahi kuanza upya. Kama watengenezaji wanataka vita vyao viwe vikali, hiyo ni kazi yao na ni haki yao.

Ila kundi hilo lilichanganya mambo mawili. Kuna ugumu wa mchezo, na kuna ugumu wa maisha ya anayecheza. Adui anayepiga kwa kasi ni ugumu wa mchezo: unautatua kwa macho, vidole na subira. Mtoto anayelia chumbani, zamu ya usiku kazini, ugonjwa unaochosha mikono, umeme unaokatika bila taarifa, hayo hayamo katika hadithi ya Selene. Mchezaji hawezi kuyashinda kwa kufanya mazoezi. Mchezo unaompokonya mtu saa mbili za jasho kwa sababu umeme umekatika haujampima uhodari wake. Umepima waya za mtaa wake.

Na jibu lilikuja kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Mwezi wa Oktoba 2021 walitoa toleo jipya lililoruhusu kusimamisha safari na kuirudia baadaye. Angalieni walivyofanya. Ukirudi, alama uliyoiweka inafutika, kwa hiyo huwezi kuitumia kudanganya baada ya kufa. Tena huwezi kuiweka ukiwa katikati ya pambano na mkubwa wa eneo. Maadui hawakupunguzwa hata mmoja. Kilichoongezwa ni ruhusa ya kuweka chini maneti, kwenda kulala, na kuendelea kesho.

Je, hadithi iliharibika? Hapana. Mwezi wa Aprili 2022 Returnal ilipata tuzo ya mchezo bora wa mwaka ya BAFTA kule Uingereza, na Jane Perry, aliyempa Selene sauti, akapata tuzo ya mwigizaji mkuu. Selene bado anakufa, bado anaamka kwenye ajali. Waliosema kwamba mapumziko yataua mchezo, mchezo wenyewe umewajibu.

Wengine husema: anayetaka hadithi tu, basi aitazame YouTube. Maneno hayo anayasema mtu asiyenunua mega kwa franga za kuhesabu. Isitoshe, kutazama si kucheza. Na kuna jambo lingine: asiyefika mwisho anatengwa kwenye mazungumzo. Akisema anavyoielewa ile nyumba ya msituni, anaambiwa anyamaze kwanza, aende akamshinde fulani ndipo aongee. Hapo ugumu umegeuka kuwa mlango wenye bawabu, na maana ya hadithi inabaki mikononi mwa wenye muda, wenye umeme na wenye afya. Wako watengenezaji wengine waliofungua mlango huo mapema. Mass Effect 3 ya mwaka 2012 ilimpa mchezaji njia ya kufuata hadithi na vita vyepesi, na Death Stranding ya mwaka 2019 ina kiwango chepesi sana. Anayetaka ugumu kwenye michezo hiyo bado anaupata, wala hapungukiwi kitu kwa sababu jirani yake amechagua wepesi.

Sasa mtaniuliza: haya yanatuhusu nini sisi wa Kivu? Vijana wetu wengi wanacheza kwenye vile vyumba vya kulipia, kwenye PlayStation za zamani, na wanachocheza zaidi ni mpira. Ni wachache waliowahi kuishika PlayStation 5. Ilipotoka mwaka 2020 ile yenye diski iliuzwa dola 499 huko Marekani, na familia inayosubiri mgao wa chakula hata haiwezi kuwaza bei hiyo. Mnajua pia mchezo wa aina ya Returnal usingefaa kwenye chumba cha kulipia kwa dakika: ukilipa, muda unaisha, kijana mwingine anadai zamu yake, na safari yako imekufa.

Kinachotuhusu cha kwanza kimo ndani ya mashine zenyewe. Tantali inayotoka kwenye koltani hutumika kutengeneza vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo. Wazee wa Masisi na Walikale wanakumbuka mwaka 2000, jinsi bei ya koltani ilivyopanda ghafla, watu wakaacha mashamba na shule kukimbilia mashimo, na mwaka uliofuata bei ikaanguka. Hadi leo jina la Rubaya linajulikana na wafanyabiashara wa madini mbali kuliko wanavyojua majina ya watoto wanaochimba huko. Sisemi kila mashine ina jiwe la kwetu. Nasema sisi tuko kwenye mnyororo huo, tena upande mzito. Kwa hiyo mtu wa hapa akitoa maoni kuhusu michezo hii, asionekane kama mgeni aliyepotea njia.

Cha pili ndicho kikubwa. Kuna tabia ya kusifia shida. Kwenye michezo wanasema kuanza upya kunamkomaza mtu. Huku kwetu nako tunayasikia maneno ya namna hiyo: watu wa Mashariki ni wavumilivu, wamezoea, wataanza upya. Husemwa kwa sauti ya sifa. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama aliyekimbia Masisi, akajenga kibanda cha turubai karibu na Goma, akaondoka tena na kukuta shamba lake lina mwenye jipya, hakuchagua kiwango kigumu. Hakuna aliyemuuliza. Kila alipoanza upya, alichookota njiani kilikuwa kimepotea, na mara nyingine njia zenyewe zilikuwa zimebadilika.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka ikae kichwani. Ugumu uliouchagua unaweza kuwa raha, kwa sababu una mlango wa kutokea. Unaufuata kwa hiari na unauacha kwa hiari. Ugumu uliobebeshwa hauna mlango huo, na kumsifu anayeubeba hakumpunguzii mzigo. Mara nyingi sifa hizo zinampumzisha msemaji tu, asione haja ya kusaidia.

Kwa hiyo nina maneno kwa pande tatu.

Kwa vijana wapenzi wa michezo: furahieni michezo migumu, jivunieni ushindi wenu, lakini acheni kumtukana mwenzenu anayechagua kiwango rahisi au anayetaka kusimama kidogo. Hamjui usiku wake ulikuwaje. Kijana aliyelala wiki nzima akisikiliza milio ya risasi ana haki ya kuketi mbele ya tele na kupata hadithi bila kuchapwa tena.

Kwa wazazi: mtoto akirudi kutoka kwenye chumba cha michezo, msianze na fimbo. Mkishamaliza habari ya masomo na kuteka maji, mwulizeni mchezo ule unasimulia nini. Hadithi ya mtu anayekufa na kuamka pale pale inaweza kumfungulia mtoto kinywa juu ya mambo aliyoyaona akanyamaza. Akitaka kusema, msikilizeni. Asipotaka, msimlazimishe.

Kwa wanaotengeneza michezo, hata kama maneno haya yatachelewa kuwafikia: fanyeni maadui wawe wakali mnavyotaka. Ila kumbukeni kwamba kuna nyumba ambazo umeme hauvuki usiku mmoja, na baadhi ziko kwenye ardhi ile ile inakotoka madini. Mwachieni mtu mahali pa kuweka alama, apumzike, arudi. Mlifanya hivyo Oktoba 2021 na Selene hakupungukiwa na chochote.

Na sisi tunaoandika na kusema redioni, tupunguze kuwaita watu wetu wavumilivu. Tuulize zaidi watapumzika lini, na wapi.

Mwenye wazo tofauti alilete kwenye kipindi. Vijana mliofika mwisho wa Returnal, nawakaribisha mtueleze ile nyumba ya msituni mnaielewaje. Na ambao hamjafika mwisho, nanyi njooni mseme.