Mtumishi wa Maktaba Afundishwe

Ipo imani inayozidi kuenea katika nchi yetu, nayo ni kwamba maktaba ikitiwa kompyuta na intaneti imekwisha kuwa maktaba ya kisasa. Imani hii huonekana katika hotuba za ufunguzi, katika makadirio ya fedha, na katika picha za makabidhiano ambamo wakubwa husimama wakitabasamu kando ya mashine. Mtumishi wa maktaba, yule atakayebaki na mashine hizo baada ya wageni kuondoka, mara nyingi hayumo katika picha. Nasema kwamba imani hii ni ya uongo, kwamba inapoteza mali, na kwamba wanaodhurika kwayo ni vijana kama ninyi mnaosoma maneno haya. Fedha ya kwanza ya kuiingiza maktaba katika dunia ya mtandao yapasa kutumiwa kumfundisha mtumishi wake, na saa za kujifunza kwake zihesabiwe kuwa saa za kazi.

Watu wa Kisauni hawahitaji kwenda mbali kuliona jambo hili. Wanayo Kengeleni, mahali palipopata jina kwa kengele ya Frere Town, mji ulioanzishwa na wamisionari mwaka wa 1875 uwe makao ya watumwa waliokombolewa. Husimuliwa kuwa kengele ile ilipigwa kuwaonya wakazi walipoonekana wafanya biashara ya watumwa. Kengele haikujipiga. Alikuwapo mtu aliyetazama bahari, aliyejua kupambanua chombo cha rafiki na chombo cha adui, na aliyejua wakati wa kuvuta kamba. Angeondolewa mtu huyo, kengele ingebaki chuma kitupu kilichotundikwa. Kompyuta katika maktaba isiyo na mtu aliyefunzwa ni chuma cha namna hiyo hiyo.

Kisauni iko bara, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, ng'ambo ya Daraja la Nyali. Maktaba kubwa ya umma ya mji iko kisiwani. Mwanafunzi wa Mtopanga, Mlaleo au Mishomoroni akitaka kuifikia hana budi kutafuta nauli ya matatu ya kwenda na kurudi, na kustahimili msongamano wa magari. Kwa hiyo zana za mtandao zingeweza kuwa kwake daraja la pili. Tena ajabu ni kwamba mtandao wenyewe huingia nchini kupitia pwani yetu. Mwaka wa 2009 nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika nchi kavu hapa Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka wa 2010. Maarifa ya dunia hupita ufuoni mwetu kwenda Nairobi na Kampala. Lakini maji kupita karibu na mlango hayamkati kiu mtu asiye na kata.

Tazameni mambo ambayo kijana hukabiliana nayo amalizapo shule ya sekondari. Nafasi ya chuo huombwa katika tovuti ya KUCCPS. Mkopo wa HELB huombwa katika mtandao. Pasipoti na cheti cha tabia njema huombwa kwa eCitizen, huduma iliyoanza mwaka wa 2014. Asiyejua njia hukimbilia saiba, akalipa ili mtu mwingine amjazie fomu, na pamoja na fedha yake akamwachia nambari ya kitambulisho na neno lake la siri. Tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, lakini sheria haiwezi kuitunza siri ambayo mwenyewe ameitoa kwa mkono wake. Mtumishi wa maktaba aliyefunzwa angemketisha kijana huyo mbele ya kompyuta akamwambia, "Andika mwenyewe, mimi nitakuongoza." Kazi hiyo ya nusu saa ingemfaa kijana kwa maisha yake yote.

Sasa wako wanaopinga, na haki yao ni kujibiwa.

Wa kwanza husema, "Siku hizi kila mtu ana simu. Maktaba ya nini, na mtumishi wake wa nini?" Maneno haya yana sura ya kweli. Lakini simu hutoa majibu bila kumfundisha mtu kuyapima. Chukueni mfano wa Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka wa 1840. Tungo zake nyingi zilisalimika kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya na kuzieleza, na mmisionari W. E. Taylor akazihifadhi mwishoni mwa karne ya 19. Karatasi za Taylor leo zimo London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Zamani kijana wa Mombasa aliyetaka kuziona karatasi hizo, urithi wa mji wake mwenyewe, alihitaji pasipoti na nauli ya ndege. Siku hizi orodha ya miswada ya Kiswahili ya chuo hicho imo katika mtandao, na kurasa za baadhi ya miswada zimepigwa picha ili watu wazisome bure.

Je, kijana mwenye simu atafika huko peke yake? Hutokea, lakini ni kwa bahati. Kwanza ajue kwamba hazina hiyo ipo. Kisha ajue kwamba majina ya watu wetu yameandikwa na wageni kwa tahajia nyingi, na kwamba asipopata kwa tahajia moja ajaribu nyingine. Tena ajue kwamba miswada mingi imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hayo ndiyo maarifa ya mtumishi wa maktaba, nayo hayauzwi pamoja na simu. Kadhalika kamusi ya Kiswahili ya Krapf iliyochapishwa London mwaka wa 1882, yenye maneno mengi ya Kimvita, yaweza kusomwa bure katika Internet Archive. Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mkewe amezikwa upande huu wa bara. Ni wanafunzi wangapi hupita karibu na kaburi hilo bila ya kuambiwa kwamba kitabu cha mtu yule waweza kukifungua leo hii?

Hatari nyingine imezidi tangu mwisho wa mwaka wa 2022, zilipoanza kuenea programu za akili mnemba kama ChatGPT. Programu hizi hujibu swali lolote kwa lugha fasaha. Lakini mara kwa mara hutaja kitabu ambacho hakijapata kuandikwa, pamoja na jina la mwandishi na mwaka wa kuchapwa, bila ya kusita hata kidogo. Mwanafunzi huandika uongo huo katika insha yake akidhani ni elimu. Dawa yake ni mtu ajuaye kufungua katalogi na kuthibitisha kama kitabu kipo. Kazi ya kuthibitisha ni kazi ya zamani sana ya maktaba, na haijapata kuhitajiwa kama inavyohitajiwa sasa.

Mpinzani wa pili husema, "Watumishi wa maktaba wamezoea vitabu na kadi. Umri umewapita, hawawezi kujifunza." La hasha! Mwaka wa 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa wafugaji wa Garissa juu ya migongo ya ngamia. Ni chuo gani cha ukutubi kilichokuwa kimewafundisha watumishi wale kufunga masanduku ya vitabu juu ya ngamia? Walijifunza kwa sababu msomaji alikuwa jangwani na kitabu kilikuwa mjini. Aliyeweza kujifunza mwendo wa ngamia hawezi kushindwa na kompyuta.

Na mfano wa kuwafunza watumishi upo. Mwaka wa 2006, katika maktaba za umma za Charlotte huko Marekani, mkutubi aitwaye Helene Blowers alitunga mafunzo ya mambo 23 madogo kuhusu zana mpya za mtandao. Mtumishi alijifunza jambo moja baada ya jingine kwa kulitenda, kwa mwendo wake mwenyewe, wakubwa wake wakijua na wakiridhia. Hapakuwa na mitihani ya kuwaaibisha watu wazima mbele ya vijana. Mafunzo hayo yaliigwa na maktaba za nchi nyingi. Siri yake ni nyepesi: mtumishi alipewa ruhusa ya kujaribu, kukosea na kujaribu tena. Ruhusa hiyo haihitaji mfadhili.

Mpinzani wa tatu ni mwerevu zaidi. Yeye husema, "Zana hizi hubadilika kila siku. Ulichofundishwa leo kesho kimekwisha kufungwa." Ni kweli kwamba nyingine hufungwa, Google Reader, chombo kilichopendwa na wakutubi wengi, kilifungwa mwaka wa 2013. Lakini baharia aliyejifunza katika jahazi moja hapotezi ubaharia wake jahazi hilo likioza. Amejifunza upepo, na upepo ni ule ule. Mtumishi aliyejifunza zana tano haogopi ya sita. Ranganathan, mkutubi mashuhuri wa Uhindi, alipoandika kanuni tano za maktaba mwaka wa 1931, kanuni yake ya mwisho ilikuwa kwamba maktaba ni kiumbe kinachokua. Kiumbe hakikui ikiwa mikono yake imefungwa.

Wa nne husema, "Fedha hakuna." Mimi namwuliza: fedha ya nini? Programu ya Koha, inayotumika kupanga katalogi na kuandika azima za vitabu, ilitengenezwa kwa ajili ya maktaba za wilaya moja huko New Zealand, ikaanza kazi mwaka wa 2000, na tangu hapo hutolewa bure kwa dunia nzima. Jina lake katika lugha ya Wamaori ni zawadi. Vyuo vikuu kadhaa vya Kenya huitumia. Zawadi hii haidai ada ya leseni. Hudai mtu ajuaye kuitumia. Ikiwa programu ni bure, basi gharama kubwa iliyobaki ni ya kumfundisha mtu, na hiyo ndiyo gharama ambayo hukatwa kwanza kila makadirio yanapopunguzwa. Katiba ya mwaka wa 2010 imeziweka maktaba katika orodha ya kazi za serikali za kaunti. Kwa hiyo tunajua mlango wa kubisha. Mombasa, mji uliokuwa na Maktaba ya Seif bin Salim tangu mwanzoni mwa karne ya 20, haina udhuru wa kuwa nyuma.

Nina neno pia kwa baadhi ya watumishi wenyewe. Wako wanaozifunika kompyuta kwa vitambaa na kuufunga mlango kwa kufuli, wakisema wanazilinda zisiharibiwe na wanafunzi. Mashine iliyofungiwa isiharibike imekwisha kuharibika. Haitendi kazi iliyonunuliwa kuitenda. Wengine huona haya kuulizwa jambo wasilolijua mbele ya watoto. Haya hiyo yaeleweka, lakini haifai. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtumishi asemaye, "Sijui, njoo tutafute pamoja," amemfundisha mwanafunzi jambo kubwa kuliko jibu lenyewe.

Basi mtumishi wa maktaba afundishwe nini? Kwanza, kutafuta katika katalogi na hifadhi za dunia kwa subira na kwa tahajia zaidi ya moja. Pili, kupima habari: nani kasema, lini, na kwa ushahidi gani. Tatu, kumlinda msomaji, asiache siri zake wazi katika kompyuta itumiwayo na watu wengi. Nne, kuandika pamoja na kusoma. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka wa 2003, na tangu mwaka wa 2016 wakutubi wa nchi mbalimbali hualikwa kuongeza marejeo ya vitabu katika makala za Wikipedia. Habari za Kisauni zisipoandikwa na watu wa Kisauni, zitaandikwa na watu wasiopajua, au hazitaandikwa kabisa.

Nanyi wanafunzi, msidhani jambo hili ni la wakubwa peke yao. Ikiwa shule yenu ina chumba cha kompyuta kilichofungwa, ulizeni kwa adabu kwa nini kimefungwa. Ikiwa maktaba yenu ina mtumishi, mpelekeeni maswali magumu, maana mtumishi asiyeulizwa husinzia. Ikiwa mmoja wenu anajua zana asiyoijua mtumishi huyo, amwonyeshe kwa heshima, bila ya kucheka. Na siku mtakapokuwa wajumbe wa bodi, madiwani au walimu wakuu, mkaletewa karatasi ya kununua mashine nyingine ishirini, ulizeni kabla ya kutia sahihi: ni nani atakayezitumia, amefunzwa na nani, na amepewa saa ngapi za kujifunza? Jibu lisipokuwapo, irudisheni karatasi hiyo ikaandikwe upya.